Pamoja na Mizigo

Wanafunzi walimwita Mzee Funga, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa bawabu wa shule ya sekondari ya kutwa, jengo la ghorofa mbili lililopakwa rangi ya maziwa juu na ya kahawia chini, ili alama za viatu vya watoto zisionekane. Kibanda chake kilikuwa kando ya geti. Ndani mlikuwa na kiti, birika la chai na saa ya ukutani ya plastiki, ambayo kila alfajiri aliilinganisha na redio kabla hajamsalimu mtu yeyote. Ikifika saa moja na nusu aligonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo, akasukuma komeo, akatia kufuli. Aliyekuwa ndani alikuwa ndani. Aliyekuwa nje alikuwa na maelezo.

Maelezo hayakuisha. Kuna waliopotelewa na kiatu kimoja, kuna waliofungiwa nyumbani na dada zao, na binti mmoja mchelewaji sugu, ambaye wenzake walimpa jina la Bado Kidogo, aliwahi kusema kwamba hakuchelewa ila shule ndiyo imewahi. Mzee Funga aliwasikiliza wote kwa adabu. Kisha aliwajibu kwa methali moja, ile ile kila siku: "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Methali hiyo ina mambo ya watu wazima ndani yake, na walimu wawili watatu walimshauri atafute nyingine ya kufaa watoto. Alisema hii haijamwangusha bado.

Zamani hakuwa hivyo. Wiki yake ya kwanza kazini alimfungulia mmoja aliyekuja analia. Kesho yake wakaja sita, wote wanalia, na wawili kati yao walikuwa wanacheka humo humo ndani ya kilio. Tangu siku hiyo akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye hakuajiriwa kujenga. Hata mtoto wa Mwalimu Mkuu aliwahi kubaki nje, akapewa ufagio na kufagia uwanja na wenzake. Mwalimu Mkuu, mama mrefu wa miwani ya kamba, alimtazama mwanawe kutoka dirishani, akafunga pazia na kuendelea na kazi. Mzee Funga alimheshimu mno kwa lile pazia.

Nyumbani hakuwa na geti. Alikuwa na vyumba viwili, na kile cha mbele kilikuwa cha mkewe, fundi cherehani aliyeshona sketi na mashati ya shule kwa mtaa mzima. Mkewe alikuwa mcheshi na mwenye sauti, naye Mzee Funga alikuwa mtu wa maneno ya kupima, kwa hiyo nyumba ilikuwa na mazungumzo ya kutosha watu wawili. Watoto wakubwa walishaondoka na kujitegemea. Aliyebaki alikuwa binti yao wa mwisho, waliyemwita Kitinda tangu alipozaliwa. Alisoma kidato cha tatu katika shule ile ile ya geti la baba yake.

Kitinda alijifunza mpira wa meza kwa sababu ya kungoja. Tangu akiwa shule ya msingi, masomo yakiisha alikuja kibandani kumngoja baba yake amalize zamu. Nyuma ya kibanda kulikuwa na stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na meza kuukuu ya walimu wa enzi hizo, mguu mmoja umevunjika na kushikiliwa na matofali. Mtoto aliisogeza ukutani akawa anacheza na ukuta. Ukuta haukosei, wala haukasiriki, wala hauendi nyumbani kula, kwa hiyo mtoto aliyecheza nao miaka mitatu alikuwa na mkono wa ajabu na hakuwa na habari. Aliyemgundua alikuwa fundi wa majokofu, aliyekuja kutengeneza jokofu la kantini na kusikia mlio wa kimpira usiokatika. Alichungulia stooni, akasahau jokofu. Jioni fundi huyo alikuwa kocha wa klabu moja ya mpira wa meza. Alimwambia Mzee Funga, "Mzee, huyu mtoto usimwachie ukuta peke yake."

Basi mambo yakaanza. Kwanza mashindano ya mtaa, halafu ya wilaya, halafu ya miji mingine, na miji mingine haiji kwako, ni wewe unayeifuata. Mashindano ya vijana yalichezwa Jumamosi na Jumapili. Ili kufika kwa wakati ilibidi waondoke Ijumaa asubuhi kwa basi, kocha na wachezaji wake wawili watatu, na kurudi Jumapili jioni wamechoka. Kitinda alishinda na alishindwa, na uso wake haukusema lipi limetokea. Alitoka mezani kwa mwendo mmoja na sura moja. Mama yake alisema mtoto huyu kachukua uso wa ule ukuta aliokua nao.

Ijumaa zikawa nyingi, na mwalimu wa hesabu akapeleka malalamiko. Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa na vipindi viwili mfululizo darasani kwa Kitinda. "Mpira anaujua kuuzungusha," alisema, "duara halijui." Mwalimu Mkuu akamwita Mzee Funga ofisini. Mzee akavua kofia mlangoni, akakaa kwenye ncha ya kiti, jambo alilolifanya kwa viti vyote visivyo vyake.

"Mzee wangu," Mwalimu Mkuu akaanza, "mimi mtoto simkatazi kucheza. Anatuletea sifa. Lakini shule si stendi, watu wanaingia na kutoka wanavyotaka."

"Ni kweli, Mwalimu."

"Mwakani ni mtihani wa mwisho. Mahudhurio yakishuka, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Ni kweli kabisa."

"Wewe mwenyewe unasemaje? Wewe ndiye mzazi."

Mzee Funga alifikiri. Alitaka binti asome, kwa sababu yeye mwenyewe aliishia darasa la saba na alikuwa amechoka kusaini vitu asivyovielewa vizuri. Alitaka pia binti acheze, kwa sababu siku moja alikwenda kumtazama, na alimwona akicheza na msichana mkubwa kuliko yeye mbele ya watu mia mbili waliokaa kimya, na tangu hapo hakuweza kuiona ile stoo kuwa ni stoo. Mambo haya mawili hakujua kuyasema pamoja. Akasema, "Mwalimu, tupe masharti. Masharti tutayaweza."

Masharti yakawa haya. Ijumaa ya mashindano Kitinda atapewa ruhusa, na daftari la hesabu atalinakili kwa mwenzake kabla ya Jumatatu. Lakini Jumatatu aingie darasani na wenzake, ndani ya saa. "Jumatatu ikimkuta nje ya geti kwa makosa yake," alisema Mwalimu Mkuu, "ruhusa imekufa. Hakuna ya kubembelezana."

"Geti nalifunga mimi, Mwalimu," alisema Mzee Funga. "Halitamkuta nje."

Wanafunzi hawakukosa la kusema. Ijumaa ya kwanza Kitinda alipokuja getini na begi lake, walikaa madirishani wanangoja kuona geti la baba likifunguliwa. Mzee Funga akanyoosha mkono. Kitinda akampa karatasi ya ruhusa. Aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Jina?"

"Baba, si ni mimi?"

"Jina la mwanafunzi."

Akalitaja, jina lote mpaka la babu. Mzee akalilinganisha na karatasi, akatikisa kichwa kwamba sawa, ndipo akafungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Ijumaa, na madirisha yakakosa cha kutazama.

Mwaka ukaenda. Kitinda alinakili hesabu ndani ya mabasi, mistari ikipanda na kushuka kwa mashimo ya barabara, hata mwalimu wa hesabu akisahihisha alijua ni wapi lami iliisha. Alama zake hazikuwa za kujivunia, lakini hazikuwa za aibu. Kila Jumatatu alikuwa mstarini kabla ya kengele. Kisha yakaja mashindano makubwa ya vijana, katika mji wa mbali kuliko yote aliyowahi kwenda. Wawili watakaocheza fainali wangeitwa kambini kuchaguliwa timu ya taifa ya vijana. Nyumbani habari hiyo haikuzungumzwa sana, lakini fundi cherehani alishona begi jipya la raketi, lenye mifuko mitatu, na mmoja hakuna aliyejua ni wa nini.

Safari hii chama cha mpira wa meza kililipa nauli ya kwenda tu. Tiketi za kurudi, ya Kitinda na ya kocha, alizikata Mzee Funga kwa simu, akiongozwa na kijana wa kampuni ya mabasi. Ujumbe ukaja. Ulisema siku, namba za viti, na kuondoka: 1:00 PM.

Sasa hapa pana jambo la kusikitisha na la kuchekesha, na msomaji achague. Mzee Funga aliyetunza saa kuliko mtu yeyote wa mtaa ule alitunza saa za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na saa zake zote zilikuwa hizo. Aliona moja. Moja ni saa moja. Asubuhi haiwezekani, kwa sababu fainali ni saa nane mchana. Kwa hiyo ni saa moja jioni, na inafaa sana. Zile herufi mbili za mwisho zilimpa shida kidogo. Alizitazama, akakumbuka kwamba kijana wa mabasi alimuuliza kama kuna mizigo, naye akajibu lipo begi. PM: pamoja na mizigo. Alifurahi kuona kampuni za mabasi siku hizi zina utu.

Akampigia kocha. "Saa moja jioni," alisema. Kocha hakuuliza mara mbili. Ungemuuliza mara mbili Mzee Funga habari ya saa, ungekuwa unamtukana. Baadaye akamtumia na ule ujumbe, ili wauoneshe stendi.

Jumapili jioni simu ya Mzee ililia, mkewe akiwa kwenye cherehani anamalizia pindo la sketi.

"Mzee," ilikuwa sauti ya kocha, na nyuma yake honi za mabasi, "tuko stendi. Basi letu limeondoka saa saba."

"Saa saba gani?"

"Saa saba mchana, Mzee. Lilishaondoka zamani. Hapa wanatucheka."

Mzee Funga akautafuta ujumbe, akampa mkewe simu. Mkewe akasogeza simu mbali na macho, akasoma.

"Si imeandikwa hapa, Baba Kitinda? Saa moja ya kizungu, mchana. PM hiyo."

"PM ni mchana?"

"PM ni kuanzia mchana, hata sisi wa sindano tunajua. Kwani wewe ulidhani nini?"

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba alidhani ni pamoja na mizigo. Mkewe alicheka mpaka akatoa mguu kwenye cherehani. Kisha akamwangalia mumewe, akakumbuka kesho ni Jumatatu, akaacha kucheka. Mganga hajigangi, alisema, na akarudi kwenye pindo lake.

Basi jingine lilikuwa la usiku. Kwa hesabu ya kocha lingefika asubuhi, na kama barabara itakuwa njema, watawahi.

Asubuhi ile Mzee Funga aliilinganisha saa yake na redio kama kawaida. Watoto waliingia. Aliwasalimia, wakamwamkia, akaitikia. Mara tatu alitoka nje ya geti kutazama kona ya duka la vifaa vya umeme, ambako barabara ya stendi hutokea. Saa moja na nusu ikagonga. Aligonga rimu. Na alipokuwa na mkono kwenye komeo, pikipiki ilisimama kwenye kona, na binti yake akashuka, begi mgongoni, sketi ya shule juu ya suruali ya michezo, akaanza kukimbia.

Hatua zilizobaki zilikuwa chache, na kama ungekuwa wewe ungemngoja. Mimi pia ningemngoja. Mzee Funga akasukuma komeo, akatia kufuli.

Nje walikuwa wamebaki wachelewaji wanne watano, Bado Kidogo mbele yao. Alimwona Kitinda anafika akihema, akamwona Mzee nyuma ya nondo, na akajua kwamba siku kama hii haiji mara mbili. "Mzee Funga!" aliita. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Leo mwana ni wako!"

Walicheka wote isipokuwa wawili. Mwalimu wa zamu akaja na ufagio na orodha ya majina ya wachelewaji. Mzee Funga akampa ufunguo, akavua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya kiti kibandani. Kisha akapita kwenye mlango mdogo wa pembeni, akatoka nje, na akasimama kwenye mstari wa wachelewaji, wa mwisho, nyuma ya binti yake.

Mwalimu wa zamu hakujua aandike nini. Akamwita Mwalimu Mkuu.

"Mzee, unafanya nini huko nje?" aliuliza Mwalimu Mkuu, miwani ikining'inia kifuani.

"Nimechelewa, Mwalimu."

"Umechelewa wapi? Uko hapa tangu alfajiri."

"Nimechelewa kuelewa," alisema Mzee Funga, na akaeleza. Alieleza yote pale pale mbele ya watoto, ya saa moja na saa saba, na hakuruka ile ya mizigo. Ghorofa ya kwanza walisikia wakapeleka habari ghorofa ya pili. Kicheko kilitoka madirishani kikashuka mpaka uwanjani. Mwalimu Mkuu alivaa miwani akatazama chini kwa muda, kama aliyeangusha kitu.

"Kwa makosa yake, nilisema," aliamua mwishoni. "Kosa hili si la mtoto. Atafagia na wenzake, ruhusa yake inabaki. Na wewe, Mzee, rudi kazini. Siku nyingine tiketi akate mama."

Mzee Funga alirudi kibandani akavaa kofia. Aibu aliisikia, masikio yalipata moto, lakini ilikuwa aibu nyepesi. Ruhusa ilikuwa imepona. Siku nzima watoto walipita mbele ya kibanda wakiulizana kwa sauti kama ni AM au PM, na kabla ya saa za kwenda nyumbani alikuwa ameshapata jina jipya, Mzee PM. Aliwaacha.

Masomo yalipoisha Kitinda alikuja kibandani, akakaa juu ya begi lake kama alivyokaa utotoni. Akangoja mpaka wanafunzi wa mwisho walipotoka.

"Baba, ule ujumbe niliuona."

"Ujumbe upi?"

"Wa tiketi. Jana saa tano asubuhi. Kocha alinipa simu yake nimshikie, nikausoma."

Mzee Funga alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha saa. Aliendelea kufuta. "Ukajua ni saa saba."

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningesema tungeondoka. Nisingecheza fainali, na asiyetokea mezani hahesabiwi." Alivuta zipu ya mfuko ule usiojulikana wa nini, akaifunga tena. "Sikujua utatoka nje, Baba. Nilijua nitafokewa mimi tu."

Mzee aliitundika saa ukutani, akainyoosha. Tangu asubuhi hakuna mtu aliyekuwa ameuliza jambo moja, na sasa akaliuliza yeye.

"Ulishinda?"

"Nilishindwa. Kila pointi nilikuwa naangalia saa ya ukutani."

Usiku huo Mzee Funga hakula vizuri. Mkewe aliuliza, akasema tumbo. Kucheka kwa watoto hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alisimama mbele ya Mwalimu Mkuu, mama wa lile pazia, akampa maneno yaliyokuwa ya kweli mdomoni mwake na ya uongo kwa alichokijua Kitinda, na ruhusa ya binti yake sasa imekaa juu ya maneno hayo. Alimpenda binti yake kupita kiasi. Hilo nalo lilikuwa linamuuma, maana angekuwa mtoto wa mwenzake angeshajua la kufanya.

Mwito wa kambini ukaja: Kitinda na yule aliyemshinda, Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku tatu. Mwalimu Mkuu akaandika ruhusa kwa mkono wake na kumpongeza mstarini mbele ya shule. Watoto walipiga makofi. Mzee Funga alipiga makofi pia, upande wake wa geti. Siku zote hizo hakumgusia binti yake neno, na binti hakumgusia yeye. Walikula chakula kimoja, wakapishana mlangoni, wakaombana radhi wakigusana bega.

Alhamisi, kipindi cha pili kilipoisha, Kitinda alikuja getini na begi. Akanyoosha karatasi. Mzee Funga hakuipokea.

"Nenda kwa Mwalimu Mkuu," alisema. "Mwambie ulichoniambia mimi."

Kitinda alimtazama. "Atanifutia ruhusa."

"Huenda."

"Leo, Baba? Kwa nini hukuniambia Jumatatu ile ile?"

"Nilikuwa nangoja uende mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nangoja unitume."

Jambo hilo Mzee Funga hakuwa amelifikiria. Alijiona siku zote kuwa mtu wa wakati, na hapa tena alikuwa amechelewa, na safari hii bila tiketi ya kusingizia.

"Basi mwanangu, nimekutuma," alisema.

Kitinda akaweka begi chini, kando ya mguu wa baba yake, akavuka uwanja. Alitembea mwendo wake ule ule. Alipanda ngazi, akabisha mlango wa ofisi, akaingia, mlango ukafungwa.

Mzee Funga alikaa kwenye kiti. Akasimama. Akaitazama saa, akaacha kuitazama. Kisha alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akavuta komeo na kulisukuma geti mpaka mwisho, mabawa yote mawili, saa za masomo, bila gari, bila mgeni, bila amri ya mtu. Akasimama katikati ya uwazi ule, macho kwenye mlango wa ofisi.

Bado Kidogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika shule, alisita nje. Aliangalia kulia na kushoto kama kuna mtego. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alisema Mzee Funga bila kugeuka, na Bado Kidogo akapita ubavuni mwake, akaingia shule saa tatu na ushee kwa miguu yake mwenyewe. Nasikia mpaka leo akisimulia hasadikiwi.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Kitinda akashuka ngazi na kuvuka uwanja, na Mzee akajaribu kumsoma tangu mbali, lakini uso wa mtoto huyo ulikuwa ule wa ukuta, haukusema kashinda wala kashindwa. Alifika, akasimama.

"Amesema nini?"

"Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akafunga pazia." Sauti ya Kitinda ilikatika kidogo, akaikaza. "Amesema niende. Nikirudi, ruhusa imekufa, mpaka mtihani wa mwisho upite. Hata wakinichagua."

"Hata wakikuchagua."

"Ndiyo."

"Ni haki," alisema Mzee Funga.

"Ni haki, Baba."

Wakasimama. Barabarani kulikuwa kweupe, na kwenye kona ya duka la umeme kocha alikuwa anaonekana, ananyoosha shingo.

"Basi lako saa ngapi?"

"Saa nne."

"Ya asubuhi?"

"Ya asubuhi."

"Nani kasema?"

"Nimepiga simu stendi mwenyewe. Mara mbili."

Mzee Funga alitikisa kichwa kwamba sawa. Aliinama, akanyanyua begi, akalipima uzito mkononi, akamvisha binti yake mabegani, mkanda wa kulia kwanza, halafu wa kushoto.

"Na hili?" aliuliza.

Kitinda alikuwa ameshavuka mstari wa geti. Akageuka, na ule ukuta ukapasuka, machozi na kicheko vikaja kwa pamoja.

"Pamoja na mizigo, Baba."